Kuifufua ThinkPad X230 nyumbani: diski, RAM na vilivyo chini ya kibodi

ThinkPad X230 ilitoka mwaka 2012. Ni kompyuta mpakato ndogo, kioo chake inchi 12.5, na mpaka leo utaikuta kwenye maduka ya mashine za mtumba, iwe Kariakoo au katikati ya Nairobi. Mashine hizi zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi, zikanunuliwa kwa mafungu, na maofisi hayo yalipohamia mashine mpya zikaondolewa kwa mafungu vilevile. Anayeinunua huvutiwa na bei na uimara wake. Akifika nyumbani anaiwasha na kuanza kungoja. Anangoja Windows ifunguke, anangoja kivinjari, anangoja hata kishale kisogee. Baada ya siku chache anaamua kwamba ameuziwa mbovu.

Mara nyingi si mbovu. Prosesa yake, kwa kawaida Core i5-3320M, bado inatosha kabisa kwa kuandika, kuvinjari, kutazama video, kufanya hesabu za duka na hata kujifunza kuandika programu. Kinachoikaba ni diski ya kuzunguka na RAM (kumbukumbu ya kazi) kidogo, na vyote viwili vinabadilishwa na mtu yeyote mwenye bisibisi na utulivu wa mikono. Hiyo ndiyo sababu naipenda mashine hii: iliundwa ili ifunguliwe. Mipakato myembamba ya siku hizi huja na RAM iliyolehemewa kwenye ubao mama, na ukitaka kuongeza inabidi ununue mashine nyingine.

Kanuni moja naomba uishike hata ukisahau mengine yote: badilisha kitu kimoja, washa, pima, ndipo ufungue tena. Ukibadilisha diski, RAM na kadi ya Wi-Fi kwa mkupuo mmoja, kisha mashine ikagoma kuwaka, hutajua mkosaji ni yupi. Utaishia kwa fundi, ukilipia kazi ambayo ungeimaliza mwenyewe.

Ikague kabla ya kutoa pesa

Washa mashine, na alama ya ThinkPad ikitokea tu, bonyeza F1. Utaingia BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya mfumo. Ukurasa wa kwanza unaonyesha aina ya mashine, prosesa na kiasi cha RAM kilichopo. Soma vyote, kwa sababu kibandiko cha muuzaji na kilichomo ndani si lazima vifanane.

La muhimu zaidi: je, BIOS imekuomba nywila? Kama imeomba na muuzaji haijui, iache mashine hiyo hapohapo. Nywila ya msimamizi kwenye ThinkPad huhifadhiwa kwenye chipu ya pekee, na kutoa betri ndogo ya ubao mama hakuifuti, hata kama utaambiwa vinginevyo. Bila kuingia BIOS hutaweza kubadilisha mipangilio unayoihitaji huko mbele.

Angalia pia kama ni X230 ya kawaida. Ipo X230 Tablet, ambayo kioo chake kinageuka, na hiyo hufunguliwa kwa namna tofauti. Mwongozo huu hauihusu.

Na usimsikilize anayekuambia atakubadilishia prosesa. Kwenye X230 prosesa imelehemewa. Unayoinunua nayo ndiyo utakayoishi nayo, kwa hiyo kama una nafasi ya kuchagua kati ya i3 na i5, chukua i5.

Vifaa

Bisibisi ndogo ya nyota yenye ncha nzima, isiyolika. Kadi ya plastiki ya zamani. Brashi laini ya rangi. Tochi, au simu yenye taa. Flashi ya kuanzia GB 8. Karatasi nyeupe na kalamu.

Karatasi ni ya skrubu, na hapa naomba usipite haraka. Chora umbo la mashine kwa chini, kisha kila skrubu unayoitoa iweke juu ya mchoro mahali pale ilipotoka, ukiibandika kwa selotepu. Skrubu za chini ya mashine hii hazilingani urefu. Ukiirudisha ndefu kwenye tundu la fupi na ukaikaza kwa nguvu, ncha yake itasukuma plastiki ya juu kutoka ndani, na utaona kijinundu pale unapopumzisha kiganja. Mashine nyingi za mtumba zina alama hiyo. Ukiiona, jua imepita mikononi mwa mtu aliyekuwa na haraka.

Pakua pia kitabu cha matengenezo cha X230 ambacho Lenovo wenyewe wanakitoa bure kwenye tovuti yao. Kina michoro ya kila skrubu na mpangilio wa kuvua kila sehemu. Hata kama hukielewi kila neno, michoro yake inatosha.

Kuhusu umeme tuli: sehemu za pwani zenye unyevunyevu hatari yake ni ndogo, lakini mahali pakavu na penye baridi, au chumba chenye zulia la nailoni, upo. Usivae sweta la sufi wakati wa kazi. Fanyia juu ya meza ya mbao, na gusa chuma kisichopakwa rangi kabla ya kushika RAM au diski.

Diski kwanza

Watu wengi huanza na RAM kwa kuwa ndiyo waliyoisikia sana. Anza na diski.

Sababu ni hii. Diski ya zamani ya mpakato ina sahani inayozunguka, mara nyingi kwa mizunguko 5400 kwa dakika. Mashine ikihitaji faili, kichwa cha kusomea hukimbilia njia husika, kisha kinangoja data ije chini yake. Kungoja mzunguko peke yake ni wastani wa milisekunde 5.6, bila kuhesabu muda wa kichwa kusogea. Mtu anaweza kusema milisekunde ni nini? Lakini Windows ikiwaka inasoma maelfu ya vifaili vidogo vilivyotawanyika kila pembe, na diski ya namna hiyo haifikishi hata visomo mia kadhaa vya kutawanyika kwa sekunde. SSD, yaani diski ya chipu, haina kinachozunguka, na hufanya makumi ya maelfu. Ndiyo maana X230 yenye RAM ya GB 4 na SSD huhisiwa nyepesi kuliko yenye GB 16 na diski ya kuzunguka.

Nunua SSD ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski) ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7. Diski za milimita 9.5, ambazo bado zipo madukani, haziingii kwenye X230 bila kulazimishwa. Ukubwa wa GB 240 au 256 unamtosha mtu wa kawaida. Kama unahifadhi video nyingi, chukua GB 480 au 512.

Jihadhari na SSD feki. Kuna zinazoandikwa TB 2 kwa bei ya GB 240, na ndani yake mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyogundishwa kwenye kiubao kilichodanganywa kitangaze ukubwa ambao hakina. Hupokea faili zako kwa unyenyekevu mpaka nafasi halisi inapojaa, kisha huanza kuandika juu ya ulichokwishahifadhi. Ukinunua mahali usipopaamini, ijaribu ingali tupu: kwenye Windows kuna programu ya H2testw, kwenye Linux kuna f3. Zote huandika diski nzima kisha huisoma tena kuhakiki. Inachukua muda mrefu, lakini fanya.

Kabla ya kufungua chochote, nakili faili zako mahali pengine: diski ya nje, flashi au kwenye wingu. Picha za familia, vyeti, hesabu, nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Usiseme utavitoa baadaye kwenye diski ya zamani. Diski yenye umri wa zaidi ya miaka kumi inaweza kugoma siku yoyote.

Sasa kazi yenyewe, ambayo ni fupi kuliko maelezo yake:

1. Zima mashine kabisa, chomoa chaja, toa betri kubwa ya nyuma. Bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie kwa sekunde kumi ili mabaki ya umeme yaishe.

2. Ilaze kifudifudi. Kifuniko cha diski kiko ubavuni, upande wa kulia kwa mtumiaji, na kinashikiliwa na skrubu moja ya chini. Itoe, kisha vuta kifuniko.

3. Utaona diski ina kiutepe cha plastiki. Kivute taratibu, kimelala sawa. Diski itateleza na kutoka.

4. Kwenye mbavu zake kuna reli mbili za mpira. Zihamishie kwenye SSD. Bila reli hizo diski itachezacheza ndani, na siku moja itaachia kiunganishi.

5. Sukuma SSD ndani, meno yake yakiwa upande uleule kama ya diski ya zamani, mpaka uhisi imekaa. Kama inakataa, usigongegonge. Itoe, angalia imegeuzwa vipi, jaribu tena.

6. Rudisha kifuniko, skrubu na betri.

Ukiwasha sasa hivi mashine italalamika kwamba haina cha kuwakia. Ni sawa, SSD ni tupu. Ingia BIOS kwa F1, na kwenye Config, sehemu ya Serial ATA, hakikisha imewekwa AHCI, namna ya kisasa ya mashine kuongea na diski. Ikiwa kwenye Compatibility, SSD yako itafanya kazi kwa kujivuta.

Je, uhamishe mfumo wa zamani ulivyo, au uanze upya? Napendelea kuanza upya. Mfumo uliotumiwa na watu wawili watatu kabla yako umebeba takataka zao zote, na wakati mwingine virusi vyao. Tena Clonezilla, programu ya bure inayotumiwa sana kunakili diski, kwa mipangilio yake ya kawaida hukataa kunakili diski kubwa kwenda ndogo: kutoka GB 500 kwenda 240 itakubidi kwanza upunguze sehemu za diski ya zamani. Kazi hiyo ni ndefu kuliko kupiga mfumo mpya.

Mfumo upi? Hapa tuambiane ukweli. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda mbele. X230 ni kizazi cha tatu. Zipo mbinu za kuilazimisha, lakini ni kuishi bila uhakika wa masasisho. Kwa mashine hii napendekeza Linux Mint, mfumo wa bure, toleo lake jepesi lenye Xfce. Mint 22 itapata masasisho hadi mwaka 2029, na Wi-Fi, sauti, kamera na vitufe vya mwanga vya X230 vinafanya kazi bila kutafuta viendeshi. Kama kazi yako inategemea programu ya Windows pekee, baki na Windows 10 huku ukijua kwamba mlango wa usalama hauzibwi tena, na mambo ya benki yafanyie kwingine.

Andika mfumo kwenye flashi kwa kutumia Rufus au balenaEtcher, ichomeke, washa, bonyeza F12 na uchague flashi. Ukishamaliza, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike:

sudo apt install smartmontools
sudo smartctl -a /dev/sda

Tafuta mstari unaotaja SATA. Ukisomeka 6.0 Gb/s mwishoni, diski inakimbia kwa kasi yake yote. Tazama pia saa ilizokwisha kufanya kazi: SSD uliyouziwa kama mpya inapaswa kuwa na saa chache sana. Kwa wa Windows, CrystalDiskInfo inaonyesha yaleyale.

Itumie mashine siku kadhaa ikiwa hivyo, kabla ya hatua inayofuata. Wengine wakifika hapa hugundua kwamba hawahitaji kitu kingine.

RAM

X230 ina nafasi mbili, na Lenovo wanaithibitisha hadi GB 16, yaani vipande viwili vya GB 8. Aina yake ni DDR3 ya mpakato, MHz 1600, na kwenye kibandiko imeandikwa PC3-12800 au PC3L-12800. Ile yenye L inatumia volti 1.35 badala ya 1.5. Mashine inakubali zote, ila ukipata yenye L ichukue, inakula umeme kidogo zaidi.

Muuzaji anaweza kukuambia, "Bosi, hii inaingia mashine zote." Hakuna RAM ya hivyo. Soma kibandiko mwenyewe. Ikiandikwa PC4 ni DDR4, ina pini 260, na mkato wake haulingani na nafasi ya DDR3 yenye pini 204. Haiingii, na ukiilazimisha unavunja nafasi. RAM za kompyuta ya mezani nazo ni ndefu karibu mara mbili, hizo hata hutazichanganya.

Vipande viwili vinavyofanana ni bora kuliko kimoja kikubwa. X230 haina kumbukumbu ya pekee ya picha. Intel HD 4000 iliyomo ndani ya prosesa inakopa RAM ya kawaida, na vikiwa viwili prosesa inasoma kupitia njia mbili kwa pamoja. Video na michezo midogo huonyesha tofauti hiyo waziwazi. Kwa matumizi ya kawaida GB 8, yaani 4 na 4, inatosha. GB 16 ni kwa anayefungua vichupo hamsini, au anayeendesha mfumo mwingine ndani ya mfumo.

Toa betri kama mwanzo. Chini ya mashine kuna kifuniko cha RAM. Fungua skrubu zake, kiinue. Kila kipande kimeshikwa na vibanio viwili vya chuma, kushoto na kulia. Vipanue kwa kucha za vidole gumba kwa wakati mmoja, na kipande kitainuka chenyewe na kusimama mshazari. Kivute kwa mshazari huohuo.

Kipya kiingize vivyo hivyo. Linganisha mkato, sukuma meno ndani mpaka dhahabu yake karibu yote imezama, ndipo ukilaze chini hadi vibanio viseme "ka". Watu wengi wanaodhani RAM mpya ni mbovu hawakuisukuma ya kutosha kabla ya kuilaza: vibanio vilishika, lakini meno hayakugusana vizuri.

Washa. Ikilia milio na kioo kubaki cheusi, zima, toa betri, chomoa RAM na uirudishe upya. Ikiendelea, weka kipande kimoja kimoja, kwa zamu, kila nafasi. Kwa njia hiyo utajua kama tatizo ni kipande au nafasi.

Ikiwaka, usishangilie bado. RAM ya mtumba inaweza kuwa na kasoro isiyojionyesha mpaka mashine igande katikati ya kazi au faili iharibike bila sababu. Weka Memtest86+ kwenye flashi, ianzishe kwa F12, iache usiku mzima. Kosa hata moja likitokea, irudishe dukani. Kwa hiyo ukinunua, kubaliana na muuzaji kabisa kuhusu siku za kurudisha.

Chini ya kibodi

Hadi hapa hujagusa chochote cha kutisha. Sehemu hii inataka utulivu zaidi, na si ya lazima. Lakini chini ya kibodi kuna kitu ambacho wamiliki wengi wa X230 hawajui kama wanacho: nafasi ndefu iliyokusudiwa modemu ya laini ya simu, na nafasi hiyo inapokea SSD ya aina ya mSATA. Maana yake unaweza kuwa na diski mbili ndani ya mashine hii ndogo.

Nafasi hiyo inakwenda kwa SATA ya Gb/s 3, nusu ya ile ya ubavuni, kwa hiyo kikomo chake halisi ni kama MB 280 kwa sekunde. Usiihofie namba hiyo. Kwa kuwasha mfumo na kufungua programu, kinachohesabika ni wepesi wa kufika kwenye data, na mSATA haina kungoja mzunguko. Anayetaka kubana matumizi anaweza kuweka mfumo kwenye mSATA ndogo ya GB 128 na kuiacha diski yake ya zamani ubavuni kwa ajili ya filamu na nyaraka. Mwenye SSD tayari afanye kinyume chake: mfumo ubaki kwenye SSD ya ubavuni, mSATA iwe ghala.

Usichanganye mSATA na M.2. Dukani vyote viwili huitwa "SSD ndogo". mSATA ina upana wa milimita 30 na urefu wa takriban 51. M.2 ya kawaida ina upana wa milimita 22 na huwa ndefu zaidi. M.2 haiingii humu.

Toa chaja na betri. Geuza mashine. Karibu na baadhi ya skrubu za chini utaona vialama vidogo: kimojawapo kina umbo la kibodi, kingine cha sehemu ya viganja. Toa skrubu zenye vialama hivyo tu, kila moja mahali pake kwenye karatasi. Geuza tena, fungua kioo. Sukuma kibodi yote kuelekea kwenye kioo kwa vidole vya mikono miwili. Itasogea kidogo sana, na ukingo wake wa mbele utainuka. Iinue polepole, maana chini yake kuna waya wa utepe. Chomoa kwa kushika kiunganishi chenyewe, kamwe usivute waya. Kisha sehemu ya viganja: ibandue kwa kadi ya plastiki ukizunguka kingo zake, ukikumbuka kwamba nayo imeunganishwa kwa waya wa padi ya kugusia na, kwa baadhi, kisoma alama za vidole. Kiunganishi chenye kilango kidogo hufunguliwa kilango kwanza.

Ukishaona ndani, tulia kidogo upige picha kwa simu.

Kadi ya mSATA huingia kwa mshazari, kisha inalazwa na kufungwa kwa skrubu. Kama nafasi ina modemu, ichomoe pamoja na nyaya zake, ambazo kwa kawaida ni nyekundu na bluu, na uzifunge ncha kwa selotepu zisiguse ubao. Kabla ya kufunga kila kitu, rudisha waya wa kibodi na wa sehemu ya viganja, rudisha betri, washa, ingia BIOS uone kama diski ya pili inaonekana. Ikionekana ndipo uzime, utoe betri na ufunge skrubu.

Ukiwa humo humo, tazama betri ndogo ya duara yenye waya. Kama mashine ilikuwa ikikuletea ujumbe wa 0271 kuhusu tarehe na saa kila ukiiwasha, hiyo ndiyo sababu. Ni CR2032 iliyofungiwa waya na plagi, ibadilishe.

Vumbi nalo lipige brashi. Ila kumbuka, kulifikia feni na kubadilisha pesti ya kupitishia joto ya prosesa kwenye X230 kunataka uvue karibu mashine nzima. Kama joto halipandi kupita kiasi na feni hailii ovyo, liache kwa siku nyingine.

Kadi ya Wi-Fi: soma kabla ya kununua

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea bure. BIOS ya X230 ina orodha ya kadi inazozikubali. Ukiweka isiyokuwemo, hata iwe mpya na nzuri kiasi gani, mashine inasimama kabla ya kuwaka na kuandika kosa la 1802, ikikutaka uitoe. Zinazokubalika ni kama Intel Centrino 6205 na 6300. Tena orodha haiangalii jina la kadi tu, inaangalia hata ilitengenezewa kampuni gani: 6205 iliyotolewa kwenye mashine ya kampuni nyingine inaweza kukataliwa. Tafuta yenye kibandiko cha Lenovo chenye namba ya FRU, yaani namba ya kipuri.

Inafaa kubadilisha kama uliyonayo inashika GHz 2.4 tu, maana 6205 inashika na GHz 5. Nyaya za antena: kijivu ni kuu, nyeusi ni saidizi. Vijifuniko vyake vya shaba vinaelekezwa wima juu ya kitufe na kubonyezwa mara moja kwa ncha ya kidole. Havikuundwa kwa kuchomekwa na kuchomolewa kila mara, kwa hiyo usivichezee.

Ukitaka Wi-Fi ya kisasa zaidi ya hapo, nunua kijiadapta cha USB ukichomeke upande wa kushoto, kwenye moja ya milango miwili ya USB 3.0. Kuna njia za kuiondoa orodha kwa kubadilisha BIOS yenyewe, lakini umeme ukikatika katikati na betri yako imechoka, umepoteza ubao mama kwa ajili ya kadi. Siishauri.

Betri na kioo

Betri ya X230 iko nje, inatoka kwa vifungo viwili, na hiyo ni neema. Ila mashine inazikagua pia. Betri za kuiga zinaweza kukuletea ujumbe kwamba hazitambuliki na hazitachajiwa. Nenda na mashine dukani, ichomeke, weka chaja, subiri uone asilimia zikipanda, ndipo ulipe.

Kioo, kama chako kina rangi zinazogeuka ukikitazama kwa upande, kinaweza kubadilishwa kwa cha IPS, aina ambayo rangi zake hazigeuki hivyo: inchi 12.5, 1366 kwa 768, kiunganishi cha LVDS cha pini 40. Ni kazi ya kuvua fremu na kuchomoa waya mmoja, lakini fremu ni nyembamba na vioo vya namna hii vinazidi kuadimika. Kabla ya kununua, linganisha picha ya nyuma ya kioo na kiunganishi cha chako.

Diski uliyoitoa

Ikiwa bado nzima, inunulie kikasha cha USB cha inchi 2.5, na utakuwa na diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Iangalie kwanza kwa smartctl: kama hesabu ya Reallocated_Sector_Ct au Current_Pending_Sector, zinazohesabu sehemu mbovu za diski, imeanza kupanda, usiiamini na kitu chochote.

Kama unaiuza au kumpa mtu, kufomati kwa haraka hakufuti kitu. Kunafuta orodha tu, na faili zako zinarudishwa kwa programu za bure. Ichomeke kwa USB, andika lsblk kwenye terminali uhakikishe jina lake kwa ukubwa wake, kisha:

sudo shred -v -n 1 /dev/sdX

Badala ya sdX weka jina halisi la diski hiyo, na lisome mara ya pili kabla ya kubonyeza Enter, kwa sababu amri hii haiulizi. Kwa diski ya GB 500 iache ifanye kazi saa kadhaa, chaja ikiwa imechomekwa.